Kiwakilishi kikae wapi: katikati au mwishoni?

Kabla ya kuandika "it" au "them", jaribu kwanza kwa nomino. Twaweza kusema "Turn off the radio" au "Turn the radio off". Nomino ikikubali kuingia katikati, "off" ni kielezi, na kiwakilishi lazima kikae katikati: "Turn it off". Ukiandika "Turn off it", umekosa.

Lakini "Look the baby after" haisemeki. Hapa "after" ni kihusishi, hivyo kiwakilishi hukifuata: "Look after her".

Zoezi: Tumia kiwakilishi badala ya nomino.
1. Fill in the form.
2. Wait for the results.

Majibu: 1. Fill it in. 2. Wait for them.