Kumfundisha Mtoto Saa

Tiketi ya bibi iliandikwa 9 usiku. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka saba, akaisoma "saa tisa", basi bibi akajinyosha kitandani. Alipofika bandarini Mwanza, meli ya Bukoba ilikuwa imekwisha ondoka tangu saa tatu.

Kosa si la mtoto. Sisi huhesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa, lakini namba za saa huanza usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Basi mwonyeshe mshale mfupi, kisha asome namba inayoukabili: ukiwa kwenye 9, ni saa tatu, kwenye 7, saa moja. Mshale mrefu usigeuzwe kamwe (wengi hukosea hapa). Kwenye 3 ni robo daima.

Wala usimwambie kwamba jua huchomoza saa kumi na mbili kamili, maana atakuona mwongo. Saa ya Tanzania hufuata longitudo 45 mashariki, na Mwanza iko karibu na 33. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa wastani wa dakika 48 hivi.

Safari iliyofuata, bibi alimsomesha tiketi mara mbili.