Kisukari si sukari tu: uliza na mafuta ya damu

Msikilizaji, wengi wenye kisukari hupimwa sukari kliniki, wakaambiwa iko sawa, wakarudi nyumbani wametulia. Lakini kinachowaua wengi wao ni moyo na kiharusi.

Kisukari hubadilisha namna mwili unavyotumia mafuta. Kolesteroli mbaya hujipenyeza kwenye kuta za mishipa ya damu na kujijenga taratibu. Husikii maumivu, hadi mshipa uzibe.

Uingereza na Ireland, watafiti akiwemo Profesa John Betteridge walifuatilia watu 2,838 wenye kisukari aina ya pili, ambao hawajawahi kuugua moyo na kolesteroli yao haikuwa juu sana. Nusu walimeza atovastatini miligramu 10 kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya mwaka 2004: kwa waliomeza dawa, matatizo makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 37. Utafiti ulisimamishwa miaka miwili kabla ya muda wake, maana faida ilishaonekana.

Dawa hii haishushi sukari, kwa hiyo zile za sukari usiziache. Wala usijinunulie dukani. Siku ya kliniki muulize daktari: "Na mafuta yangu ya damu, je?"