Uvimbe Usiouma

Wiki hii nazungumzia jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Mwanamke kijana anagusa titi anapooga, anakuta uvimbe mgumu kama kokwa, kisha anakaa nao miezi sita, pengine mwaka, bila kumwonyesha daktari.

Tumezoea kulaumu umaskini na umbali. Kwa mtu wa Kibondo au Tunduru hiyo ni kweli tupu. Lakini wapo wakazi wa Temeke na Magomeni, ambao Hospitali ya Ocean Road kwao ni safari ya daladala, nao wanachelewa vilevile.

Uvimbe wenyewe ndio unaodanganya. Jino likiuma tutakwenda hata usiku. Saratani ya titi inapoanza kwa kawaida haiumi. Tena msichana huambiwa kwamba huo ni ugonjwa wa mabibi. Ni kweli kuwa uvimbe mwingi wa wasichana si saratani, ila mwingi si wote, na vidole peke yake haviwezi kuutambua. Anayenyonyesha ndiye anayepotezwa zaidi: maziwa yameganda, kanda kwa maji ya moto! Hata kwenye zahanati wapo wanaopewa vidonge na kuambiwa warudi wakisikia maumivu. Basi lawama isiwe ya mwanamke peke yake.

Kubwa kuliko yote ni hofu ya kisu. Kila mtaa unamjua mama aliyekatwa titi kisha akafariki, na mtaa hukata shauri kwamba kisu ndicho kilichomuua. Mwaka aliokaa nyumbani na uvimbe hauhesabiwi. Tathmini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba hapa Tanzania wagonjwa wapatao 8 kati ya 10 hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne, ugonjwa umekwishaenea hadi kwenye tezi za kwapa, ngozi au viungo vingine. Hapo daktari hana mengi ya kuchagua. Aliyewahi huweza kuondolewa uvimbe tu na titi likabaki, akafuatishiwa mionzi. Lakini huyo kovu lake limo ndani ya blauzi na hamsimulii mtu. Kwa hiyo mtaa huona waliokufa, hauwaoni waliopona, na binti mwingine anaficha uvimbe wake.

Kijana ana hesabu nyingine pia. Nani atamposa? Mume atasemaje? Mume akiambiwa humwuliza mama yake, na mama mkwe anamfahamu fundi wa mizizi. Miezi inapita hivyo.

Wengi hawajui hata kinachofanyika hospitali. Daktari hupapasa titi na kwapa, kisha hupigwa picha ya ultrasaundi, inayofaa zaidi kwa titi la kijana kwa kuwa nyama yake imeshikana. Ikibidi, sindano huchukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara. Hakuna anayekatwa titi siku hiyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza, uchunguzi uwe umekamilika ndani ya siku 60. Uvimbe ambao bado upo baada ya hedhi inayofuata upelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, na aliyerudishwa nyumbani na vidonge bila kupimwa ana haki ya kudai ultrasaundi.