Mbwa ikihara, uipe nini?

Kule Wagenia, Kisangani, wavuvi wanatega vikapu vikubwa katika maporomoko ya mto Kongo. Samaki wakipasuliwa, mbwa ziko pale: zinakula matumbo na miiba. Kesho yake zinatapika na kuhara. Utafanya nini?

Pengine utauziwa vidonge vya omeopatia, kama Nux vomica. Njia hiyo ilianzishwa na Samuel Hahnemann, munganga wa Ujerumani, mwaka 1796. Dawa inachanganywa na maji tena na tena, mpaka mara nyingi hakubaki kitu. Unameza sukari tu. Mwaka 2015 wataalamu wa Australia walipima utafiti mwingi juu ya watu: hawakukuta ugonjwa hata mmoja ambao kwa hakika inauponya. Mbwa nyingi zinapona zenyewe, halafu kidonge kinasifiwa bure.

Kinachoua kitoto cha mbwa haraka ni kukaukiwa na maji. Chemsha maji lita 1, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Yakipoa, uipe kidogo kidogo. Usiipe ibuprofen yako, ni sumu kwake. Ikihara damu, ao ikikataa kunywa, uipeleke kwa munganga wa nyama siku ileile. Lakini ikitokwa na mate mengi na kuuma ovyo, usiiguse! Pengine ni kichaa cha mbwa.

Na watoto je? Minyoo ya mbwa inaingia watu pia. Fukia mavi, nawa mikono na sabuni.