Moyo Ukiuma Ufaransani

Wazee walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Je, na yule asiyeyaficha, bali hana ulimi wa kuyaeleza? Swali hili latuhusu watu wa pwani. Tuna ndugu na wakwe Ngazija na Mayotte, na wengi katika hao wamehamia Marseille, mji wa Ufaransa wenye Wangazija tele. Twawaendea kwa arusi na kwa matanga, na maradhi hayangoji msafiri arudi kwao.

Basi leo, mpenzi msomaji, nakuletea maneno machache ya mtu aliyekimbizwa hospitali huko Ufaransa. Si somo zima la Kifaransa. Ni akiba ya siku ya dhiki.

Kwanza mlango. Tafuta kibao kilichoandikwa "Urgences", yaani mahali pa dharura. Mgonjwa asipoweza kuinuka, piga simu nambari 15, ama 112 itumikayo Ulaya. Ufikapo mbele ya muuguzi, usianze na maumivu. Anza na "Bonjour". Mfaransa asiyeamkiwa huona amedharauliwa, kama mzee wa kwetu aliyepitwa bila ya sabalkheri. Tena mwambie "vous", wala si "tu", kwani "tu" ni ya watoto na watu wa nyumbani.

Matamshi yasikutishe. Ile R yao hutoka kooni, nayo yakaribia sana ghaini tuliyofundishwa chuoni. Hapo sisi tuna nafuu kuliko Mwingereza.

Ufunguo wa maneno yote ni "J'ai mal", hutamkwa "zhe mal", maana yake naumwa. Kisha taja mahali: "à la tête" ni kichwa, "au ventre" ni tumbo, "au dos" ni mgongo. Utaulizwa "Depuis quand?", tangu lini? Halafu utatakiwa uyapime maumivu kwa hesabu, tangu "zéro", hapana kitu, hata "dix", yaani kumi, hayavumiliki. Subira ni sifa njema, lakini hapo usiseme mbili ilhali ni tisa. Mahali pa dharura hatangulizwi aliyewahi kufika, hutangulizwa aliyezidiwa.

Sasa tufike penye hatari. Sisi husema moyo waniuma. Mtu akilitafsiri hilo neno kwa neno, atasema "J'ai mal au cœur". Kwa Mfaransa, maneno hayo ni kichefuchefu! Wala tusimcheke, kwani hata sisi twasema moyo wanichafuka, na hatukusudii moyo wenyewe.

Jamaa yangu mmoja, mtu wa makamo, alibanwa na kifua katika mji mmoja wa huko, akatamka maneno hayo hayo. Akaletewa chombo cha kutapikia. Alikitazama, akakiweka kando, akajipiga kifuani kwa ngumi mara mbili. Ndipo muuguzi alipofahamu, akaita wenzake waje na mashine ya kupima moyo. Alipona, alhamdulillahi. Lakini lau angekuwa hana nguvu ya kuinua mkono?

Basi kifua kikikubana, sema "J'ai mal à la poitrine". Neno la mwisho hutamkwa "pwatrin", nalo ni kifua. Ukikosa pumzi, sema "Je n'arrive pas à respirer", siwezi kupumua.

Waliosoma Kiingereza nao wajihadhari. "Blessé" si aliyebarikiwa, ni aliyejeruhiwa. "Médecin" si dawa, ni daktari. Dawa ni "médicament".

Yako na yatuhusuyo Waislamu hasa. Kabla ya kumlaza mtu usingizi wa kupasuliwa, huuliza "Êtes-vous à jeun?", yaani hujala kitu? Aliyefunga ajibu "Oui, depuis l'aube", naam, tangu alfajiri. Aliyekula naye aseme kweli, kwani chakula kikipanda na kuingia mapafuni huweza kuua. Mwenye mimba aseme "Je suis enceinte" kabla ya dawa na kabla ya picha ya eksirei. Bibi atakaye kutazamwa na mwanamke mwenziwe aombe "Une femme médecin, s'il vous plaît". Kuomba si aibu. Asipopatikana, wanazuoni wetu walikwisha kutupa kaida kuwa dharura huhalalisha lililokatazwa, na hata hilo neno dharura limo kibaoni pale mlangoni.

La mwisho ndilo kubwa. Mtu akizidiwa, hata Kiswahili chake humpotea, seuze Kifaransa cha jana. Kwa hivyo kabla ya safari chukua karatasi uandike kwa herufi kubwa: "diabète" ikiwa una kisukari, "asthme" ikiwa una pumu, "hypertension" ikiwa una presha, "allergie" pamoja na jina la dawa ikudhuruyo, na majina ya dawa utumiazo. Ikunje, uitie ndani ya pasi. Karatasi haitetemeki wala haizimii.

Mola akujaalie urudi nayo nyumbani haijakunjuliwa.