Ultraso kwa mishipa ya fahamu: kabla ya kulipa, uliza maswali haya

Kwa wamama wengi wa Katuba, ultraso ni mambo ya mimba. Unalala ku kitanda, wanakupaka ile mafuta ya baridi ku tumbo, mutoto anaonekana kwenye ekra. Njo maana mama yangu mudogo alicheka aliposoma karatasi aliyopewa na munganga. Iliandikwa: ultraso, mara 10. « Na hii miaka yangu, niko na mimba gani tena? »

Munganga hakukosea. Mama mudogo ni mushonaji. Kwa miaka zaidi ya makumi mawili mukono wake wa kuume unasukuma nguo chini ya sindano, na mangaribi ule ule mukono unashika mwiko wa bukari. Sasa usiku vidole vinawaka sawa vile amevitia kwenye pilipili. Anaamuka, anakunguta mukono, inatulia kidogo, kisha inarudia.

Kwetu hapa tunaita kila kitu « mishipa ». Ule wa damu, ule unaofunga nyama na mufupa, ule unaopeleka habari ku ubongo, yote ni mishipa. Hapa tunazungumuzia ule wa mwisho, mushipa wa fahamu. Pale kwenye kiganja, mushipa mumoja wa fahamu unapita ndani ya njia ndogo sana pamoja na kamba za vidole. Kamba zikivimba kwa kazi nyingi, mushipa unabanwa. Wanganga wanaita ugonjwa huo kanali karpieni. Alama yake moja unaweza kujitazamia mwenyewe: ganzi inashika kidole gumba, cha pili, cha tatu na nusu ya cha ine, lakini kile kidogo cha mwisho kinabaki salama, kwa sababu kinalishwa na mushipa mwingine.

Sasa, ile mashini inafanya nini? Ultraso ni sauti, lakini sauti ambayo sikio la mutu haliwezi kusikia. Sikio letu linafika mitetemo karibu 20.000 kwa sekunde moja. Mashini ya kine inatetema mara milioni 1 ao milioni 3. Kwa ekografi, mashini inatuma sauti ndogo na kungojea irudi, ndiyo inachora picha. Kwa kine, sauti ni ya nguvu zaidi na inaachwa ikae ndani ya nyama, inatikisa na kupasha moto. Ile mafuta wanapaka kwa sababu sauti hii haipiti vizuri kwenye hewa. Hata nafasi ndogo kati ya chombo na ngozi inairudisha.

Kwamba sauti ina nguvu, watu walijua zamani. Mufaransa Paul Langevin, aliyetafuta submarini kwa njia hiyo wakati wa vita ya kwanza ya dunia, aliona samaki wakifa ndani ya maji mbele ya chombo chake.

Swali la mama mudogo lilikuwa rahisi: itaniponyesha? Hapa jibu haliko moja. Mwaka 1998, wanganga wa Vienna, kule Austria, walichukua watu 45 wenye kuumwa viganja vyote viwili. Kiganja kimoja walikipa ultraso ya kweli. Kingine walikipitishia mashini isiyotoa sauti, na mugonjwa hakujua ni kipi. Ilikuwa dakika 15 kila mara, mara 20, katika muda wa juma 7. Kisha miezi 6, viganja 74 kwa 100 vya upande wa kweli vilikuwa vimepata nafuu nzuri, na 20 tu kwa 100 vya upande mwingine. Lakini mwaka ule ule, wengine kule Uturuki walijaribu dakika 5 tu, kwa juma 2, na hawakuona tofauti na mashini ya uongo. Na wale waliokusanya majaribio yote ya namna hiyo baadaye wanasema ushahidi ungali muchache.

Mimi nabakiza jambo moja: muda na hesabu vina maana. Mutu analipa mara 10, lakini kwenye kitanda anapitishiwa chombo dakika 3, kwa sababu wengine wanangoja mulangoni, ao courant imekatika katikati. Makuta yametoka, lakini hayo siyo matunzo yaliyojaribiwa Vienna. Basi uliza mbele ya kulipa: ni dakika ngapi? Na courant ikikatika, mutaanza tena?

Kwa ndugu zetu wanaochimba na wale wanaobeba mizigo, wenye maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka ku muguu, habari haiko nzuri sana. Kwa maumivu ya mugongo yaliyokawia, majaribio hayakuonyesha kwamba ultraso peke yake inasaidia kitu kikubwa. Mazoezi ambayo kine anakufundisha, ndiyo yale yasiyopendeza, njo yanafaa zaidi.

Kuna jambo ambalo ningependa kila musomaji alikumbuke kuliko hayo yote. Ganzi siyo kila mara mushipa uliobanwa. Ugonjwa wa sukari unaharibu mishipa ya fahamu, mara nyingi kwa kuanzia miguuni, miguu yote miwili pamoja. Ukoma vilevile. Na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, inaweza kuleta miguu kuwaka moto. Hapo matunzo ni vitamini B6, kidonge kidogo, na usiache dawa yako bila kusema na munganga. Kwa hao wote, kupitisha chombo cha moto juu ya ngozi isiyosikia ni hatari kabisa. Kinga ya kwanza kwenye ultraso ni mugonjwa mwenyewe anaposema « inaniunguza ». Asiyesikia, hatasema. Kwa hiyo kama uko na ganzi, omba kwanza wapime sukari, na mutoaji wa matunzo ajaribishe kama ngozi yako inasikia moto na baridi. Tena mwenye mimba hapitishiwi mashini ya kine ku tumbo wala kiunoni, hata kama ekografi yenyewe ni salama kwake. Jina ni moja, nguvu ni tofauti. Vilevile hawaipitishe juu ya uvimbe wa kansere, wala karibu na mashini ya moyo.

Wengine wametuuliza juu ya video zinazozunguka kwenye simu: muzee anatetemeka mikono, anaingia kwenye mashini, anatoka ameshika kikombe bila kumwanga maji. Ile siyo uongo. Ni ultraso ya aina ya tatu. Watoto wanajua namna kioo cha lupe kinavyokusanya jua mpaka karatasi inawaka. Vivyo hivyo, vyombo 1.024 vinazunguka kichwa kilichonyolewa, kila kimoja kinatuma sauti dhaifu, zote zinakutana kwenye nukta moja ndani ya ubongo na kuiunguza, bila kupasua fuvu. Marekani iliruhusu matunzo hayo mwaka 2016 kwa mutetemo ambao dawa zimeshindwa. Kati ya watu 76 waliojaribiwa, 56 walipata matunzo ya kweli, na mutetemo wa mukono wao ulipungua karibu nusu. Lakini zaidi ya mumoja kwa watatu walipata ganzi ao kuyumba wakitembea, na kwa wengine ilibaki hata kisha mwaka.

Mashini hiyo inafanya kazi ndani ya IRM. Haiko kwenye chumba kidogo pembeni ya barabara. Mutu akikuambia kwamba chombo chake cha mukono kinaunguza mutetemo ao kinaponya Parkinson, funga mufuko wako. Mwenye kutetemeka aonwe kwanza na munganga wa mishipa ya fahamu; ulizia kwenye Cliniques Universitaires ao hospitali Jason Sendwe.

Mama mudogo aliuliza maswali yake. Sukari yake ilikuwa sawa, na kidole kidogo hakina ganzi. Amekubali ile mara 10, na kine amemwambia wazi kwamba pengine itahitaji kuongezwa. Katika kungojea, usiku anafunga kiganja na kibao chepesi ili kisijikunje akiwa analala. Kibao hicho alitengenezewa na fundi wa mbao. Mashini ya kushona ameiacha kwa binti yake mpaka mwisho wa mwezi, na kila asubui anamukaripia kwamba mishono haiko sawa.