Ngoma Ikivuma Sana Hupasuka: Sabufa na Masikio ya Familia

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia chombo ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za parokia zetu, mjini na vijijini. Chombo hicho ni sabufa, yaani lile kasha lenye spika kubwa ambalo kazi yake ni kutoa besi, sauti nzito za chini. Wako wanaoinunua dukani pamoja na spika ndogo na kuiunganisha na runinga, ili sebule iwe kama jumba la sinema. Wako pia vijana wetu wenye vipaji wanaonunua spika tupu, wakachonga kasha na kuunganisha amplifaya wao wenyewe.

Hatuna nia ya kukataza burudani. Familia inayotazama filamu pamoja jioni inafanya jambo jema, na kijana anayejua kuunda kasha la spika ana ufundi wa kumpatia riziki. Tunachotaka kueleza ni kwamba sabufa iliyoundwa na kupangwa vizuri hutoa besi safi hata sauti ikiwa ya wastani. Mara nyingi sabufa mbovu ndiyo inayowafanya watu wafungue sauti hadi mwisho, na wanaolipa gharama ni watoto, kwa masikio yao.

Sauti nzito si ngeni kwetu

Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo hadi hapa Tabora, na kutoka hapa iliendelea kuelekea Urambo, Uvinza na Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mbele alitangulia kiongozi wa msafara, na ngoma ilisikika naye. Misafara ilipokaribia Unyanyembe bunduki zilipigwa hewani kutangaza kuwasili. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ikahama kutoka vichwani mwa watu. Leo spika na amplifaya kutoka Kariakoo zinafuata karibu njia ileile, kwa treni, basi na lori.

Kwa nini ngoma kubwa husikika mbali kuliko sauti ya mwimbaji? Sauti ni mtikisiko wa hewa, na idadi ya mitikisiko kwa sekunde hupimwa kwa hezi. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi. Sabufa hufanya kazi kati ya hezi 20 na 120 hivi. Hewani sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, wakati wimbi la hezi 1,000 lina sentimita 34 tu. Wimbi refu namna hiyo halizuiliwi na mlango wala pazia. Ndiyo maana jirani wa nyumba ya tatu hasikii maneno ya filamu yenu, lakini mabati yake yanatetemeka.

Ngoma ya ngozi hupigwa uwanjani, na mpigaji huchoka. Sabufa hupigwa ndani ya chumba cha mita nne, na yenyewe haichoki.

Kasha ndilo linalofanya kazi

Wengi hudhani nguvu ya sabufa ni wati. Ukweli ni kwamba ukitoka kwenye wati 50 kwenda wati 100, unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu, zinahitajika kama desibeli 10 zaidi, yaani wati mara kumi. Kabla ya kununua amplifaya kubwa zaidi, yafaa mtu aangalie kasha.

Kuna makasha ya aina mbili yanayotumika zaidi. La kwanza ni lile lililozibwa pande zote. Hewa iliyo ndani hufanya kazi kama springi inayoirudisha spika mahali pake. Kasha hili ni rahisi kuunda, husamehe makosa madogo, na besi yake hushuka polepole. Kwa anayeanza, hili ndilo linalofaa.

La pili ni lenye bomba. Albert Thuras wa Marekani alipewa hataza ya aina hii mwaka 1932. Ukipuliza mdomoni mwa kibuyu kitupu, kinalia kwa noti yake moja. Kibuyu kikubwa hulia chini zaidi. Kasha lenye bomba hufuata kanuni hiyohiyo. Ukubwa wa kasha, upana wa bomba na urefu wake ndivyo vinavyoamua noti. Kwa mfano, kasha la lita 50 lenye bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 10 litaitika karibu na hezi 35 bomba likiwa na urefu wa sentimita 31 hivi. Ukirefusha bomba hadi kama sentimita 45, kasha litashuka hadi hezi 30. Hesabu za kulinganisha spika na kasha zilipangwa vizuri na Neville Thiele mwaka 1961 na baadaye Richard Small, wote wakifanya kazi Australia. Vipimo vyao huandikwa katika karatasi ya spika nzuri. Fundi asivikisie.

Angalizo moja: chini ya noti ya bomba, spika hukosa hewa ya kuizuia na hucheza hovyo hadi ikaraze au ikatike. Kwa hiyo amplifaya ya kasha la bomba iwe na kichujio cha kukata noti hizo za chini kabisa.

Kuhusu mbao, mkoa wetu unajulikana kwa mninga wa misitu ya miombo, nao ni mti usiopinda kirahisi. Lakini mbao zilizokatwa juzi hunywea kiangazi na kuvimba mvua zinapoanza, viungo vikaachia na hewa ikapiga mluzi. Tumia mbao zilizokauka vizuri na zilizovunwa kwa kibali, au plaiwudi nene ya milimita 18. Weka mihimili ndani ili kuta zisitetemeke, kisha ziba kila ufa kwa gundi. Kasha linalovuja hutoa kishindo cha debe, na mwenye nalo huongeza sauti akitafuta besi ambayo haimo.

Jinsi ya kuipanga sebuleni

Mahali pa kuweka kasha ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri. Chumba chenye urefu wa mita 4.3 huzidisha noti ya hezi 40, kwa sababu urefu huo ni nusu ya wimbi lake. Sehemu moja ya chumba besi huwa nzito kupita kiasi, na hatua mbili pembeni hutoweka. Aliyekaa pale inapotoweka hulalamika kwamba sabufa ni dhaifu, akaongeza sauti, na mtoto aliyekaa pembeni akapata yote.

Fuateni hatua hizi:

1. Wekeni sabufa kwa muda mahali mnapokaa kutazama. Chezeni muziki wenye besi, kisha mmoja wenu atembee akiwa ameinama kando ya kuta. Mahali ambapo besi inasikika sawasawa, bila kuvuma noti moja tu, ndipo pa kuweka kasha.

2. Pembe ya chumba huongeza besi bila gharama. Mkiweka kasha pembeni, punguzeni sauti ya sabufa.

3. Krosova, yaani kigawanyo cha sauti, anzeni nayo kwenye hezi 80. Ikiwa juu sana, sabufa itaanza kubeba sauti za watu.

4. Kama kuna swichi ya nyuzi 0 na 180, jaribuni zote mbili mkiwa mmekaa. Chagueni ile inayoleta besi iliyojaa zaidi.

5. Anzeni sauti ya sabufa kwenye sifuri, mpandishe polepole. Kipimo chepesi ni msomaji wa taarifa ya habari. Akisikika kama anasoma akiwa ndani ya pipa, besi imezidi.

6. Wekeni kipande cha raba chini ya kasha ili mtikisiko usiingie sakafuni na ukutani.

Kinachotokea ndani ya sikio

Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama gamba la konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Sauti kali huzilaza kama upepo unavyolaza mpunga. Zikipumzishwa huinuka; zikilazwa mara kwa mara hufa. Kwa binadamu haziotei tena. Hakuna sindano wala dawa ya kuzirudisha.

Hapa sabufa ina hila yake. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Marekani walionyesha kwamba sikio letu ni zito kusikia noti za chini. Noti ya hezi 40 huhitaji desibeli 30 na zaidi juu ya noti ya katikati ili zisikike sawa kwa sauti ya kawaida. Kwa sababu hiyo besi haitupi onyo mapema. Mtu anayetaka kuihisi kifuani hufungua sauti yote, na pamoja na besi hupanda milio ya risasi, vigelegele na matoazi, ambayo ndiyo huumiza zaidi seli zile. Vipimo vya sauti vilivyomo katika simu navyo mara nyingi havihesabu besi ipasavyo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano walitoa kiwango kwa vyombo vya kusikilizia muziki: kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda ulio salama hupungua nusu. Kwenye desibeli 90 mtu mzima amebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima, yaani filamu mbili. Kama huna kipimo, tumia mkono wako: ukilazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, mmezidisha.

Dalili zisizofaa kupuuzwa

Shule ya kwanza ya viziwi nchini mwetu ilianzishwa hapa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Watoto wengi viziwi walizaliwa hivyo au waliugua. Mwenye kusikia asichezee alichopewa.

Upotevu wa kusikia unaoletwa na kelele hauumi, na huja polepole. Angalieni mambo haya: mlio masikioni baada ya sinema au disko, masikio kujihisi kama yamezibwa pamba, mtoto kuomba runinga iongezwe kila mara, mtoto kusema "nini?" mara kwa mara, au kushindwa kusikia anapoitwa kutoka nyuma. Wazazi, msikimbilie kumwita mtoto mkaidi au mvivu. Mpelekeni kwanza zahanati au kituo cha afya akaangaliwe, na ikibidi apewe rufaa. Msimchokonoe masikio kwa njiti.

Mtoto mchanga asilazwe kamwe chumba kimoja na sabufa inayolia. Hawezi kusema, wala hawezi kuondoka.

Afya ya fundi mwenyewe

Vijana mnaounda makasha, nanyi mjilinde. Vumbi la mbao likivutwa miaka mingi linaweza kuleta saratani ya pua. Funika pua na mdomo, fanya kazi penye hewa. Waya wa kulehemu mara nyingi una madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Usilehemu jikoni, usile ukiwa kazini, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Moshi wake huamsha pumu. Tena kumbuka kwamba kapasita kubwa za amplifaya hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kitu kilichozimwa kinaweza kuua.

Na jirani je?

Katika nyumba za kupanga, ukuta wako ni ukuta wa mwenzako. Huenda ana mgonjwa, mzazi aliyejifungua juzi, au mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Nchi yetu ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Lakini si vizuri kungoja sheria. Muulizeni jirani kama besi inamfikia, na ikifika usiku, zimeni sabufa mbaki na spika ndogo.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ngoma ya ngozi ikipasuka huwambwa upya. Sabufa ikikatika, fundi hubadilisha spika. Sikio halina fundi wa namna hiyo. Jioni ya leo, kabla ya kuanza filamu, punguzeni sauti kidogo, kisha muulizeni mtoto mdogo kuliko wote kama anasikia. Akisema ndiyo, iacheni hapo hapo.